Mpiga Dramu wa Nyimbo za Taratibu

Siku plasta ilipokatwa, Kishindo alitegemea mkono wake wa kulia uinuke wenyewe, kama jogoo aliyefunguliwa tundu asubuhi. Haukuinuka. Ulilala juu ya paja lake, mwembamba na umepauka, kiganja kikining'inia kama glavu isiyo na mtu ndani. Daktari alimwambia anyooshe vidole. Kishindo alivikazia macho, akavuta pumzi kama anayejitwika gunia, lakini vidole vilitulia pale pale kama vya mtu mwingine.

"Nyoosha," daktari alirudia.

"Ndiyo nanyoosha," alijibu Kishindo.

Mkewe alikuwa amesimama nyuma ya kiti na bahasha ya picha za eksirei kifuani. Daktari aliwaeleza kwa upole kwamba mfupa umeunga vizuri, hauna neno. Tatizo ni mshipa wa fahamu unaopita juu ya kiwiko. Uliumia siku ile ya kuanguka. Mishipa ya namna hiyo huamka baada ya miezi sita, wakati mwingine mwaka, na mingine haiamki kabisa. Kisha akauliza mgonjwa anafanya kazi gani. Kishindo akasema anapiga dramu kwenye bendi. Daktari aliandika, akasita, akauliza kama hiyo ndiyo kazi yenyewe au ni ile ya kujifurahisha baada ya kazi.

"Ndiyo kazi yenyewe," mkewe alijibu kwa niaba yake, maana aliona shingo ya mumewe imeanza kuvimba.

Walipotoka, ilibidi amfunge vifungo vya shati kwenye korido, mbele ya benchi lililojaa wagonjwa wanaosubiri zamu. Kishindo alitazama dari. Bibi mmoja mwenye fimbo alimsifu mke kwa kumtunza mzee wake, na Kishindo, ambaye alikuwa na miaka hamsini na moja na bado akijiona barobaro, akaharakisha hatua kuelekea mlango wa kutokea.

*

Walikaa kwenye nyumba ya chini katika jengo la ghorofa tatu, vyumba viwili na sebule. Sebule ilikuwa ya mke, maana alikuwa fundi wa nguo za kike na wateja walimfuata pale pale: cherehani dirishani, meza ndefu ya kukatia katikati, vitambaa kila palipobaki nafasi. Kwenye kona moja fimbo ya pazia ilining'inia upande mmoja tu. Ndiyo aliyokuwa akiifunga Kishindo alipoanguka. Alikuwa ametaka kumtengenezea mkewe mahali pa wateja kujaribia nguo, akapandisha kiti juu ya meza, akapanda juu ya kiti, na kukataa katakata kumwita fundi wa nyumba kwa kazi ya misumari miwili.

Mkewe alikuwa ameishika meza kwa mikono yote miwili, pini amezibana midomoni. Mteja akabisha hodi. Kishindo, huko juu, akatamka neno moja ambalo mkewe hakulisikia sawasawa kwa vile mlango ulikuwa ukigongwa kwa pupa. Alidhani amesema "ngoja." Lakini mteja alikuwa wa haraka, na yeye alikwisha kuiacha meza na kupiga hatua tatu. Alipogeuka, mumewe alikuwa sakafuni.

Hilo la "ngoja" alilimeza peke yake. Hakumwambia mtu. Kila alipomfunga mumewe mkanda au kumvutia zipu ya suruali, lilimrudia.

Asiyekaa kimya kuhusu ile meza alikuwa wifi yake. Dada mkubwa wa Kishindo alifika siku ya tatu baada ya ajali, na begi la siku tatu, na sasa ilikuwa wiki ya nane. Alikuwa amestaafu umatroni kwenye shule ya bweni ya wasichana, lakini umatroni wenyewe ulikuwa haujamstaafu yeye. Mtaa mzima ulimwita Matroni. Aliamka kabla ya wote, akakagua vitanda, akanusa taulo, akahamisha vyombo vya jikoni kutoka mahali vilipokaa miaka kumi na tisa na kuvipeleka mahali alipoona panafaa. Mezani alimkatia mdogo wake nyama vipande vidogo vya kulisha mtoto, na mara nyingine alimpelekea kijiko mdomoni. Na Kishindo, Mungu amsamehe, alifungua mdomo.

"Ana mkono mmoja mzima, wifi," fundi alisema siku moja. "Kijiko anaweza kukishika."

"Ndiyo, anao mmoja," alijibu Matroni, akiendelea kupuliza mchuzi. "Angekuwa nayo miwili kama ile meza ingepata mtu wa kuishika."

Aliyasema hayo kwa sauti ile ile ambayo watu husema mvua inakuja. Fundi alimtazama mumewe, akingoja aseme lolote, hata akohoe. Kishindo alitafuna.

*

Wiki hiyo kiongozi wa bendi alikuja kumjulia hali. Alileta machungwa, akakaa kwenye ukingo wa kiti kati ya mikunjo miwili ya kitambaa, na akazungumza sana juu ya hali ya hewa kabla ya kufika kwenye jambo lililomleta. Bendi yao ilipiga kwenye karamu za harusi na kwenye hoteli siku za Jumapili mchana. Tangu ajali, walikuwa wamejaribu wapiga dramu wawili wa kuazima. Mmoja hakujua nyimbo, mwingine hakujua saa. Ndipo yeye kiongozi alipogundua kwamba kinanda chake kipya kina dramu ndani yake. Unabonyeza kitufe, inapiga yenyewe, haichoki, haichelewi mazoezini.

"Ni ya muda tu, ndugu yangu," alisema. "Mpaka utakapopona."

Kishindo aliuliza inasikikaje. Kiongozi akasema si mbaya. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mkweli na mkweli hajui pa kusimama, akaongeza kwamba watu wengi hata hawajagundua.

Alipokwenda zake, Kishindo aliketi akiyatazama machungwa. Asingeweza hata kulimenya moja. Baadaye aliingia chumbani, akaondoa mashuka yaliyofunika dramu yake ya zamani iliyobanwa kati ya kitanda na kabati, akaketi kwenye kigoda chake, akachukua kijiti kimoja kwa mkono wa kushoto.

Hapo ndipo taabu ilipoanza.

Kwa miaka thelathini mkono wa kulia ndio uliotembea juu ya matoazi mawili ya mguu, tsi-tsi-tsi-tsi, bila kupumzika, na wa kushoto ukingoja zamu yake kwenye ngoma ndogo. Pa. Kisha kungoja tena. Pa. Sasa aliyezoea kungoja aliambiwa afanye kazi ya wote wawili. Mkono wa kushoto uligonga matoazi, ukaikimbilia ngoma ndogo, ukarudi mbio kwenye matoazi, kama mhudumu mmoja kwenye hoteli yenye meza arobaini. Mguu wa kulia kwenye ngoma kubwa ulifanya kazi yake kwa uaminifu, lakini mguu peke yake hauendeshi wimbo. Tsi-tsi-pa, tsi. Tsi-tsi-pa, tsi. Kila mara pa ilifika imechelewa unywele mmoja, na unywele huo ulisikika nyumba nzima.

Alianza baada ya chai ya asubuhi, akapumzika kula, akaendelea mpaka saa kumi na moja jioni. Siku ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Alitandika taulo juu ya ngoma kupunguza kelele, na kelele zikageuka kuwa kishindo cha mtu anayepiga godoro. Jirani wa ghorofa ya juu, mwalimu wa hesabu anayesahihishia karatasi nyumbani, aliteremka kwa adabu zote kuuliza kama wimbo huo una mwisho. Wateja wa fundi walisimama kupimwa kiuno huku wakitazama mlango wa chumbani, na mmoja aliuliza kama kuna mgonjwa. Matroni ndiye pekee aliyefurahi. Alisema mgonjwa anayejishughulisha hupona haraka, akajitia pamba masikioni na kuendelea kupanga upya kabati la vyombo.

Siku ya sita fundi alikata mkono wa gauni mahali pasipotakiwa. Alikuwa akihesabu bila kupenda, akiingoja ile pa iliyochelewa, na ilipochelewa mkasi ukaenda nayo. Aliutazama mkono ule wa gauni, akaweka mkasi chini, akaenda kusimama kwenye mlango wa chumba.

"Unachelewa," alisema.

"Najua kama nachelewa."

"Unakimbilia huku kama uliyeacha sufuria motoni, halafu unakimbilia kule. Si uache?"

"Niache nini? Dramu?"

"Hiyo tsi-tsi. Ukiwa kwenye pa, acha tsi-tsi. Nani atakuja kukudai tsi moja?"

Kishindo alimweleza, kwa subira ya mtu aliyekwisha kuishiwa nayo, kwamba wimbo si sketi. Matoazi ndiyo yanayoshikilia kila kitu; yakikatika, wimbo umetoboka. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho.

"Kitambaa kikipungua," alisema, "hushoni nguo ile ile kwa kukivuta. Unabadilisha mshono. Na una mguu mwingine hapo umekaa tu kama mgeni. Mpe kazi."

Kisha akarudi kwenye gauni lake.

Kwa siku mbili Kishindo hakugusa dramu. Alishinda amenuna, akimjibu mkewe kwa neno moja moja. Siku ya tatu fundi, akiwa amepinda juu ya cherehani, alisikia kitu kipya kutoka chumbani. Mguu wa kushoto ulikuwa ukifungua na kufunga matoazi kwa kanyagio lake, chi, chi, polepole, bila pupa. Mkono ulikuwa umeachiwa ngoma ndogo, na ulipokuwa na nafasi tu ndipo uligusa matoazi mara moja au mbili, kisha ukarudi kwake. Kulikuwa na mashimo katikati. Lakini pa ilifika kwa wakati, na mashimo yale yalikaa kama mikato iliyokusudiwa kwenye nguo. Fundi aliinua mguu kwenye kanyagio la cherehani, akasikiliza. Alingoja mumewe atoke aseme neno. Kishindo alitoka, akanywa maji, akasema bomba la jikoni linavuja.

*

Bendi ilifanyia mazoezi kwenye stoo nyuma ya duka la samani, katikati ya makochi yaliyofungwa nailoni. Kishindo alikwenda Jumatano. Aliomba apewe nafasi kama mtu anayeomba kazi kwa mara ya kwanza, na hakuna aliyemwangalia usoni wakati akipanda kwenye kigoda. Walishughulika na nyaya zao.

Walianza na wimbo wa kasi, ule unaofungulia karamu. Alikwenda nao vizuri kwa ubeti mmoja. Kisha ilifika pale ambapo kwa miaka yote alimwaga mapigo kuzunguka ngoma zote, mahali ambapo watu walikuwa wakimpigia miluzi, na mkono wake wa kushoto ukasahau kwamba uko peke yake. Kijiti kilimponyoka, kikadunda sakafuni na kuviringika hadi kwa mpiga gitaa. Mpiga gitaa, bila kuacha kupiga, alikirudisha taratibu kwa ncha ya kiatu. Aliufanya upole huo bila kumwangalia. Angemcheka, ingekuwa nafuu.

Wimbo wa pili ulikuwa wa taratibu, wa maharusi kukata keki. Kishindo hakujaribu kitu. Aliuacha mguu wa kushoto uhesabu, wa kulia ukanyage, mkono ukae kwenye ngoma ndogo yake. Mwimbaji, mama mwenye sauti nzito aliyekuwa na bendi tangu mwanzo, alifika nusu ya ubeti, akageuka nyuma, akaimba akimtazama yeye badala ya ukuta.

"Hivyo hivyo," alisema wimbo ulipokwisha. "Usiongeze kitu. Leo ndiyo mara ya kwanza najisikia mwenyewe ninavyoimba."

Kiongozi wa bendi alimuuliza amejifunza wapi kupiga namna ile. Kishindo akasema amegundua mwenyewe.

Kisha wakakaa kwenye makochi ya nailoni na kiongozi akatoa uamuzi. Nyimbo za taratibu zitapigwa na Kishindo. Za kasi zitapigwa na kinanda. Malipo yatakuwa nusu, kwa kuwa kazi ni nusu. Na kulikuwa na jambo moja dogo: wakati kinanda kinapiga, Kishindo angebaki pale pale kwenye dramu, ameshika kijiti chake, akitikisa kichwa kidogo, ili wageni waone kwamba bendi ina mpiga dramu.

Kishindo aliuliza kama anatakiwa kuigiza.

"Kukaa tu," kiongozi alisema. "Kwani kukaa kuna shida gani?"

*

Alimsimulia mkewe yote hayo akiwa amesimama katikati ya sebule, koti likiwa begani upande mmoja. Alisimulia kijiti kilivyoviringika, mwimbaji alivyogeuka, alivyoulizwa amejifunza wapi na alivyojibu kwamba amegundua mwenyewe. Hapo hakuona cherehani imenyamaza. Alimaliza kwa kusema kwamba amewaambia watafute mtu mwingine, maana yeye hajawa kinyago.

Fundi aligeuka na kiti chake chote.

"Umegundua mwenyewe," alisema.

"Nini?"

"Endelea. Nakusikiliza. Umegundua mwenyewe, ukapewa nusu ya kazi, ukaitupa."

Kishindo alianza kueleza habari za heshima. Mkewe alimwacha aseme sentensi mbili. Kisha alimwambia, bila kupandisha sauti, kwamba kuhusu heshima angemuuliza yeye. Wiki kumi amemfunga vifungo. Amemsugua mgongo, amemvutia zipu kwenye choo cha hospitali huku mlinzi akigonga mlango. Amesikiliza tsi-tsi-pa mpaka anaiota. Amekata gauni la mteja na kununua kitambaa kingine. Amehamishiwa masufuria yake mwenyewe hadi anaomba ruhusa kuchemsha maji. Hajasema kitu, kwa sababu alijua kosa ni lake, na mwenye kosa hana mdomo.

"Kosa gani?" aliuliza Kishindo.

"Usijifanye hujui. Dada yako analisema kila siku. Wewe hujalisema hata mara moja, na ndilo linaloniudhi zaidi. Afadhali ungenitukana nikajua moja. Uliniambia ngoja, nikaiacha meza. Haya, sema."

Uso wa Kishindo ulibadilika, na mkewe alidhani sasa atasema. Kweli alisema, ila siyo alichokitegemea.

"Sikukuambia ngoja," alisema. "Nilikuambia nenda."

Fundi hakuelewa.

"Nilisikia mlango kabla yako. Nikasema nenda, nenda ukafungue, mimi sina shida. Halafu nikajinyoosha kuifikia ndoana ya mwisho ya fimbo, iliyokuwa mbali, badala ya kushuka nikaisogeze meza. Wewe hukuwa na kosa lolote."

Huko chumbani, ambako Matroni alikuwa akikunja nguo, hakukusikika kitu.

"Wiki kumi," fundi alisema polepole. "Wiki kumi umemsikia dada yako akinisema kwenye meza yangu, unatafuna tu?"

"Niliona aibu. Mtu mzima mwenye akili zake kuanguka kutoka kwenye kiti kilicho juu ya meza. Watu walipouliza ikawa rahisi... sikusema ni wewe. Ila sikusema si wewe."

Fundi alitamani kulia, akaona hana nguvu za kulia na za kukasirika kwa wakati mmoja, akachagua hasira. Alinyoosha kidole kuelekea chumbani.

"Nenda ukamwambie. Sasa hivi, kabla hujavua hilo koti."

Kishindo alikwenda. Mkewe alimsikia akisema maneno yale yale, kwa sauti ya mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Kisha ikaja sauti ya Matroni.

"Kwa hiyo nimekasirika bure wiki zote hizi?"

"Ndiyo, dada."

"Na wewe unaniangalia tu?"

"Ndiyo, dada."

Matroni alitoka chumbani akiwa na shuka moja mkononi, amelikunja nusu. Alisimama mbele ya wifi yake, na kwa mara ya kwanza tangu afike alionekana hajui aanzie wapi. Miaka thelathini alikuwa amewaombesha radhi wasichana wa watu. Yeye mwenyewe hakuwa na mazoezi.

"Wifi," alisema, "masufuria nitayarudisha."

"Rudisha na chumvi," fundi alijibu.

Matroni alitikisa kichwa kukubali. Kisha akamgeukia mdogo wake, akanyoosha kiganja, akadai simu. Kishindo aliitoa kabla hajafikiri. Mkono uliojifunza kutii ukiwa mdogo hautii akili. Matroni alitafuta namba ya kiongozi wa bendi, akapiga, akajitambulisha, na kumjulisha kwamba mdogo wake atafika Jumamosi. Nyimbo za taratibu amezikubali. Nusu malipo ameyakubali, mpaka zitakapoongezeka nyimbo. Lakini kukaa na kijiti kama sanamu ya dukani, hapana. Kinanda kikipiga, yeye anashuka. Upande wa pili kiongozi alijaribu kusema kitu. Matroni alimwambia ahsante na usiku mwema, ingawa ilikuwa saa tisa mchana, akakata.

"Hukuniuliza," Kishindo alisema.

"Ulipokuwa unalishwa uliulizwa?"

Fundi alirudi kwenye cherehani na kuwapa mgongo wote wawili. Mabega yake yalikuwa yakitikisika, na haikujulikana kama ni kucheka au vinginevyo.

*

Jumamosi ukumbi ulijaa tangu saa nane. Fundi alikuwapo kwa shughuli zake: alikuwa amewashonea mashangazi wanne wa bibi harusi, na mashangazi hao walikuwa wameongezeka mwili tangu siku ya vipimo. Alishinda nyuma ya mlango wa jikoni na sindano mdomoni, akilegeza mishono, akiwasihi wasipumue.

Alimsikia mumewe kabla ya kumwona. Keki ilikuwa inakatwa. Mguu, mguu, na ile pa moja, imekaa mahali pake kama kifungo kwenye tundu lake. Hakuna mgeni aliyegeuka kutazama dramu, kwa kuwa hakuna aliyesikia kasoro. Alimaliza mshono wa shangazi wa nne, akakata uzi kwa meno, akatoka kwenda kusimama ukutani pamoja na wahudumu.

Nyimbo mbili zaidi zilipita. Kisha kiongozi alibonyeza kitufe, na ile dramu ya ndani ya kinanda ikaanza, ya haraka, safi, isiyochoka. Watu wakajaa uwanjani. Kishindo aliweka kijiti chake juu ya ngoma ndogo. Kwa kitambo alibaki ameketi, na mkewe alimwona akitazama mkono wake wa kulia uliolala pajani, kisha akiwatazama watu. Akasimama. Akashuka ngazi za jukwaa moja moja, akiwa na aibu ya mtu aliyeonekana na nguo za ndani, akavuka ukumbi hadi pale ukutani.

"Wamekula hela yangu kwa wimbo huu," alisema.

"Acha wale. Umepiga vizuri."

"Ni mshono wako. Nimemwambia mwimbaji. Na kiongozi nimemwambia."

Walisimama bega kwa bega wakitazama watu wakicheza. Miaka kumi na tisa ya ndoa, harusi mia na zaidi, na katika zote yeye alikuwa nyuma ya ngoma na mkewe nyumbani au ukutani. Hata kwenye harusi yao wenyewe alishindwa kumvumilia mpiga dramu wa kukodi, akavua koti na kukaa mahali pake. Hawakuwahi kucheza pamoja hata wimbo mmoja. Alilifikiria hilo Kishindo, akashangaa kwamba hajawahi kulifikiria.

"Twende," alisema.

"Wapi? Nina pini kwenye blauzi."

"Zitoe."

Alizitoa moja moja, akizichomeka kwenye ukingo wa mkoba, akilalamika kwamba mashangazi wanaweza kuchanika wakati wowote. Walipofika uwanjani, Kishindo alimshika kiuno kwa mkono wa kushoto, kisha akasimama, kwa sababu wa pili haukuwa na njia ya kufika. Mkewe aliuchukua kwa kifundo, akauinua, akauweka begani mwake, na kuushikilia hapo kwa mkono wake mwenyewe ili usidondoke. Vidole havikuonyesha kwamba vimeguswa. Watu wawili watatu walitazama. Kiongozi wa bendi alitazama pia, akakosea noti.

Hatua ya pili tu, kiatu kizito kilitua juu ya vidole vya fundi.

"Unanikanyaga."

"Samahani."

"Umenikanyaga tena. Wewe si ndiye mwenye mapigo?"

"Mapigo ninayo," Kishindo alisema, jasho likimtoka kwenye paji la uso. "Miguu imezoea kukaa."

Mkewe alipumua kwa nguvu, pumzi ile ya wiki kumi, akausogeza ule mkono begani ukae vizuri zaidi.

"Basi nifuate mimi," alisema, akamvuta upande wa kushoto, naye akaenda.